Tairi Nyembamba za Masatu

Ninyi mnaochagua tairi kwa kutazama picha kwenye simu, nikiwaona nacheka peke yangu. Juzi kijana mmoja kaja na pikapu yake, safi, inang'aa, akaniambia, "Bibi, nataka zile zenye meno makubwa, zinazotisha." Nikamuuliza gari hiyo anaendaga nayo wapi. Akasema kutoka hapa Mwisenge mpaka kazini mjini, na Jumapili kanisani.

"Sasa mwanangu," nikamwambia, "huko kote unataka kumtisha nani? Padri?"

Hajarudi. Nadhani amezipata kwingine. Basi kwa ajili yake, na kwa ajili yenu wengine ambao hamjanikasirikia bado, nimeona niandike haya. Spana nimeshawaachia wenye mgongo mzima, ila kalamu bado naiweza.

Mimi niliingia kwenye kazi ya tairi bila kugusa tairi. Nilikuwa karani wa stoo katika yadi moja ya malori hapa Musoma, miaka ile ya shida ambayo wazazi wenu wakiisimulia mnadhani wanatia chumvi. Stoo yangu ilikuwa na rafu ndefu, daftari kubwa na kufuli mbili, na ndani hapakuwa na kitu. Dereva anakuja na kibali chenye mihuri mitatu. Nafungua kufuli zote mbili ili aone kwa macho yake kwamba hakuna tairi, kisha nafunga tena zote mbili. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, na niliifanya kwa uaminifu.

Magari yalitembea na tairi kipara kabisa, laini kama kichwa cha mzee. Kuna watu walichukua kisu cha moto wakachonga mistari kwenye raba iliyokwisha ili ionekane ina kashata, yale matofali ya raba yanayoshika barabara. Nimeona kwa macho yangu lori linatoka Bunda, gurudumu moja limeshindiliwa majani makavu badala ya tiubu, linafuka moshi kama jiko la kuni. Mafundi wa katambuga nao walilia, maana tairi walizozoea kukata viatu bado zilikuwa barabarani zinabeba pamba.

Aliyenifundisha ni Mzee Wambura, fundi tairi wa yadi, mtu wa Butiama. Sikio lake la kushoto lilikuwa halisikii tangu siku ringi ya lori ilipomfyatukia wakati anajaza upepo. Kwa hiyo ukitaka kumwambia neno unazunguka kulia, na ukitaka kumsengenya unakaa kushoto. Kwa kuwa stoo haikuwa na kitu, nilikuwa nakaa naye kwenye kivuli cha karakana, naye kwa kukosa kazi akaanza kunionyesha.

"Funga macho, binti. Pitisha kiganja hapa. Sasa rudisha kinyumenyume."

Nikapitisha. Kwenda ilikuwa laini, kurudi ilikuwa na ncha kama msumeno.

"Unaona? Magurudumu ya mbele ya gari hii hayatazami mbele sawasawa. Hata umpe dereva tairi mpya leo, atazila zote kabla ya Krismasi. Kwanza anyooshe gari."

Akanifundisha kuzitofautisha raba kwa kuzikunja. Akanifundisha kwamba ubavu wa tairi, kile kiuno kisichogusa chini, ndicho kinachokufa kwanza kwenye mawe, na watu hawakiangaliagi kamwe. Akanifundisha kwamba tairi mbili za nyuma zikipishana kimo hata kidogo, gari inajivuta yenyewe. Nikawa karani pekee mkoani mwenye kucha nyeusi.

Halafu mambo yakafunguka. Biashara ikawa ruksa, mpaka wa Sirari ukachangamka, maduka ya mjini yakajaa vitu ambavyo tulikuwa tumesahau majina yake. Na sisi wa yadi tukaambiwa asanteni sana. Yadi ikafungwa. Mzee Wambura akarudi kwao Butiama kulima mihogo. Mimi nikabaki na watoto wawili, mume aliyekuwa anaumwa, na kichwa kilichojaa mambo ya tairi. Nikafungua kibanda Mwisenge: jeki moja, vyuma viwili vya kubandulia tairi, pampu ya mkono, na ubao nilioandika mwenyewe kwa rangi nyeupe, "TAIRI ZA AINA ZOTE", wakati nilikuwa nazo sita tu.

Wanaume walikuwa wanasimama kunitazama kama watu wanaotazama ng'ombe anayepanda ngazi. "Mama Nyangeta, mwenye kibanda yuko wapi?" Nilikuwa najibu, "Ameinama mbele yako, anakufungua nati."

Sasa niwaambie kosa langu, maana mtu anayesimulia kazi bila makosa yake anawauzia tairi iliyochongwa kwa kisu.

Tairi za kwanza nilizopata zilikuwa za mitumba. Zilikuwa na kashata nene, nyeusi tii, zinameta. Nilizinunua kwa furaha bila kuzikunja hata moja. Miaka yote ile ya kukosa ilikuwa imenifanya nishukuru kila kitu cheusi na cha mviringo. Nikamfungia mbili katekista mmoja mwenye pikapu kuukuu. Hakufika alikokuwa anakwenda. Karibu na njia panda ya kwenda Butiama tairi moja ikamenyuka kama ganda la ndizi. Namshukuru Mungu alikuwa anakwenda polepole. Alinirudishia ganda lote, amelibeba begani kilomita nyingi kwa miguu, akaliweka mbele ya kibanda changu, akasema kwa upole, "Mama, nimekuletea mzigo wako."

Angenitukana ningejisikia nafuu.

Kesho yake nikapanda gari kwenda Butiama na lile ganda. Mzee Wambura alilikunja, akanionyesha nyufa ndogondogo chini kabisa, katikati ya kashata, mahali ambapo kiwi ya viatu haifiki. Ndiyo, ilikuwa imepakwa kiwi.

"Hii ilikaa juani miaka," akasema. "Kashata haijaliwa kwa sababu haijatembea. Raba inazeeka hata ikiwa imelala, binti. Mbona nilikwambia ukunje?"

"Uliniambia, mzee."

"Basi sasa umesikia."

Nilizikata zile zilizobaki kwa shoka, mbele ya watu, nikawapa mafundi wa katambuga. Katekista nikamfungia nyingine. Tangu hapo mteja wangu alikuwa anaona ninavyokunja kila tairi kabla sijamwambia neno lolote juu yake.

Ndipo akaja Masatu.

Masatu alikuwa mvuvi aliyeacha nyavu akanunua pikapu. Mtu mrefu, mcheshi, sauti kama ya kuita mtumbwi ulioko mbali. Wakati huo viwanda vya samaki vilikuwa vinataka sangara kuliko ziwa lilivyoweza kutoa, na Masatu alikuwa ananunua samaki kwenye mwalo mmoja, pale mitumbwi inapofikia, upande wa Kibara, anawapanga kwenye barafu, anawapeleka kiwanda kimoja hapa Musoma. Siku hiyo hakuwa mcheshi.

"Mama Nyangeta, nimekwama mara mbili mwezi huu. Mara mbili samaki wamelainika njiani, kiwanda kimewakataa, nimewamwaga. Wameniambia nikileta wabovu mara ya tatu wananifuta, wanampa mwingine nafasi yangu. Nifungie tairi kama za Kisiri."

Kisiri alikuwa mnunuzi mwenzake, anakaa Kabasa kule Bunda, mtu wa kuvaa koti hata mwaloni. Alikuwa ameona magari ya watalii yanayopita kwenda kwenye hifadhi ya wanyama, akapenda, akaifungia pikapu yake tairi pana, zenye meno makubwa, zimetokeza nje ya bodi kama masikio. Ukweli zilikuwa zinapendeza. Kila mwenye pikapu alizitamani.

Nikamwambia Masatu anipe siku mbili, nikaenda tena Butiama. Nikamweleza mzee kila kitu: gari inavuta nyuma tu, mzigo ni samaki na barafu, Kisiri amefunga zile pana. Mzee akaendelea kumenya muhogo.

"Njia yake ikoje?"

"Ni ya kwenda Kibara, mzee."

"Nimekuuliza ikoje, sijakuuliza inakwenda wapi."

Akaniambia nirudi nikapande gari, nikaione njia.

Basi nikapanda na Masatu siku kavu, na karatasi mkononi, nikawa naandika. Mwaloni mchanga, si mrefu. Halafu changarawe na mawe makali, sehemu ndefu sana. Halafu kipande cha mbuga yenye udongo mweusi, ule ambao ukikauka unapasuka na ukinyeshewa unakuwa ugali. Kipande hicho nilikipima kwa macho, hakikuzidi mwendo wa kusali rozari moja kwa miguu. Kisha Bunda, na kutoka Bunda mpaka Musoma lami tupu.

Vijana, hapo ndipo nilipoielewa kazi yangu. Masatu alikuwa anachagua tairi kwa ajili ya kile kipande kimoja kilichomtia hofu, na njia nyingine yote ameisahau. Tairi yenye meno makubwa ungeitumia kwenye tope kidogo, halafu lami na mawe vingeila mchana kutwa. Nayo ikiwa pana kupita kiasi, kwenye udongo ule mweusi inafanya kitu kibaya zaidi, lakini hilo nilikuwa nalijua kwa maneno ya mzee tu, sijaliona.

Nilikwenda Mwanza kuzitafuta. Nilizikuta: nyembamba, ndefu kidogo kuliko za kawaida, kashata za wastani zenye nafasi ya kutemea tope, na ubavu mnene wa tabaka nane, yaani plai nane, wa kubeba mzigo. Nilizikunja zote nne na ya akiba, mbele ya muuza duka aliyedhani nimerukwa na akili.

Masatu alipoziona alinyong'onyea. "Mama, hizi si za baiskeli?"

Watu waliokuwa kibandani wakacheka. Nikasikia mmoja anasema ndiyo maana kazi nyingine waachiwe wanaume.

"Nitazifunga leo," nikasema. "Siku ya mvua nipitie, nitapanda na wewe. Zikikwama, nazivua kwa mikono yangu nakufungia za Kisiri."

Nilisema kwa sauti kubwa. Kama zingekwama, kibanda changu kingegeuka kichekesho cha mji, na watoto wangu wangekula kichekesho hicho.

Mvua ikanyesha siku mbili mfululizo. Siku ya tatu alfajiri Masatu akapiga honi nje, nikafunga kanga kiunoni, nikachukua pampu ya mkono, nikapanda.

Tulipofika mwaloni mitumbwi ilikuwa michache kwa sababu ya upepo. Kisiri alikuwa ametutangulia, amepata makasha machache, anaondoka. Alipopita alitazama magurudumu yetu akatabasamu, akagusa kofia. Sisi tulipakia, barafu juu, turubai juu ya barafu. Kabla ya kuondoka nikashuka nikapunguza upepo kwenye tairi zote, mpaka ubavu ukatuna kidogo kama shavu la mtu anayetafuna.

"Unanitoboa sasa?" Masatu akauliza.

"Nakupanulia nyayo. Twende, na usikanyage mafuta kwa hasira."

Mchangani tulitoka kama mtu anayetoka kitandani. Kwenye mawe nilimwambia aende taratibu, ubavu ulikuwa umetokeza. Nilikuwa nasikia kila jiwe moyoni. Hakuna lililopenya.

Tukafika mbugani. Kisiri alikuwa pale katikati.

Hapo ndipo nilipoona kwa macho yale maneno ya mzee. Zile tairi pana zilikuwa zimezoa udongo, zikauzungusha, zikaushindilia kati ya gurudumu na bodi mpaka magurudumu yakakataa kuzunguka kabisa. Meno hayakuonekana tena. Zilikuwa zimekuwa mitungi minne ya udongo. Kisiri amevua viatu, koti bado analo, anachokoa kwa panga.

Masatu akaweka gia, anataka kupita kwa kasi. Nikamshika mkono.

"Simama. Zima. Ngoja nitembee."

Nikavua kandambili, nikaingia kwenye tope peku. Upande wa kushoto nilizama mpaka goti na sikukuta kitu. Nikarudi. Upande wa kulia, kando ya nyasi, mguu ulizama hadi juu ya kifundo, halafu nikagonga chini pagumu. Nikasogea hatua moja, pagumu. Nyingine, pagumu. Nilitembea hivyo mpaka ng'ambo nikichomeka vijiti, nikageuka nikampungia.

"Gia ya pili! Fuata vijiti! Usifunge breki, usisimame hata ukimwona malaika!"

Akaja. Tope lilikuwa linaruka juu ya paa. Gari iliyumba mkia kushoto, nikafumba macho, nikafumbua, ikajinyoosha. Zile tairi nyembamba zilikuwa zinakata ule ugali kama kisu, zinakwenda kushika pale pagumu chini. Nikamwona Masatu nyuma ya kioo, mdomo wazi, anapiga kelele bila kusikika. Akapita mbele yangu, akapanda kwenye nchi kavu, akasimama. Alishuka akapiga magoti akaipiga busu tairi ya nyuma, pamoja na tope lake.

"Mama Nyangeta! Mama! Mama!" Hakuwa na neno lingine.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikamtazama Kisiri kule katikati, na barafu yake inadondoka matone kutoka kwenye turubai.

Masatu naye akamtazama. Furaha ikampungua usoni. "Nafasi yangu kiwandani wangempa yeye," akasema taratibu.

"Najua."

Akasugua shingo. Alikuwa mvuvi yule, na wavuvi hawaachanagi majini. "Tairi zako zinaweza kubeba makasha yake pia?"

"Ndiyo maana nilizunguka Mwanza siku nzima."

Kina mama waliokuwa wanapalilia karibu walikuja. Tukapanga mstari kwenye vijiti vyangu, makasha yakapita kichwa kwa kichwa mpaka ng'ambo. Kisiri alikuja wa mwisho, amebeba kasha la mwisho mwenyewe, koti limeharibika.

"Shikamoo mama," akasema. Asubuhi hakuwa amenisalimia.

"Marahaba. Chukua pampu."

Maana hapo ndipo wengi wanapojiua. Ukishapunguza upepo, halafu unaingia lami na mzigo mzito na mwendo wa kasi, ubavu unachemka, tairi inapasuka. Nikawaambia hatuondoki mpaka tairi zote nne zijae kuliko zilivyokuwa tulipotoka nyumbani.

"Mama, barafu inayeyuka!" Masatu akapiga kelele.

"Basi pigeni pampu haraka."

Waliachiana zamu, Masatu na Kisiri, mashati yameloa jasho. Mimi nilikuwa nakagua kila ubavu kwa kiganja na macho yamefumbwa. Nilikuta mikwaruzo ya mawe. Sikukuta ufa hata mmoja. Nikawaambia, "Twendeni."

Springi zilikuwa zimelala, Kisiri, aliyeiacha pikapu yake topeni, amekaa juu ya samaki ameshika kamba, tukapita Bunda watu wanatushangaa. Kwenye lami zile tairi zilitembea kimya, bila kulia, kana kwamba hazikuwa zimetoka mbugani saa ile ile.

Kiwandani mkaguzi alitoka na aproni nyeupe. Alikuwa kijana mkavu, hacheki. Alimkumbuka Masatu. Alitazama pikapu yote ilivyokuwa nyeusi kwa tope, akatikisa kichwa kama aliyeshajua jibu. Akafunua turubai. Akachukua sangara wa kwanza, akafungua shavu. Jekundu. Akabonyeza nyama kwa kidole gumba, ikarudi. Akanusa. Akachukua wa chini kabisa, kwenye makasha ya Kisiri. Akafungua, akabonyeza, akanusa.

Masatu alikuwa ameshika ukingo wa bodi. Mimi nilikuwa nasali Salamu Maria bila kutoa sauti, nikachanganya maneno.

"Leo wengine wote wamekwama," mkaguzi akasema. "Ninyi mmepitia wapi?"

"Njia ileile," Masatu akajibu.

Kijana akageuka kwa wapakuzi. "Shusheni. Wote."

Kisiri aliketi chini palepale getini akaweka kichwa mikononi. Masatu hakulia wala hakucheka. Aliniinua, mimi mtu mzima, kilo zangu zote, akanizungusha mbele ya wapakuzi, kanga yangu imejaa tope, nikipiga kelele anishushe.

Halafu tukarudi Mwisenge. Aliwasha taa mchana, akaweka mkono kwenye honi na hakuutoa. Tulipita sokoni tukipiga honi, tukapita shuleni watoto wakatoka madarasani, kina mama wauza dagaa wakasimama wakaanza kupiga vigelegele bila kujua ni harusi ya nani. Kibandani kwangu wale wanaume walikuwepo. Masatu alisimamisha gari, akazima, kukawa kimya. Nikafungua mlango nikashuka peku, miguu myeusi hadi magotini, na hakuna hata mmoja wao aliyeniuliza mwenye kibanda yuko wapi.

Mmoja alisogea pembeni nipite. Aliyekuwa nyuma yake akasafisha koo, akaonyesha pikapu yake iliyokuwa kando ya barabara. "Mama," akasema, "njia yangu mimi ni ya Butiama, mawe matupu. Utanifungia zipi?"

Nikachukua karatasi na kalamu. "Panda," nikamwambia, "nikaione."